Siku moja maishani mwangu: mimi na maranda yangu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, hata uso sijanawa, naenda kunusa pipa. Ndani kuna maranda, mabaki ya mbao ninayotengenezea matofali, niliyoloweka juzi kwa maji ya moto, jana nikayamwaga yale maji nikaweka mengine mara mbili. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya kutu kabisa, ya pili yakawa manjano, na haya ya leo nikiyachota kwenye chupa nikainua kwenye mwanga naona vidole vyangu upande wa pili. Hapo ndo najua maranda yameiva. Namwaga, nasuuza mara ya mwisho, naweka maji ya chokaa, nafunika.

Watu wengi wakiniona na hii kazi wanadhani nachukua taka za mbao nachanganya na saruji, basi tofali limepatikana. Wengi wamejaribu hivyo nyumbani na wakaishia na uji usioganda wiki nzima, halafu wanasema maranda hayafai. Maranda yanafaa sana, shida ni sukari. Mbao ina sukari na tanini (ile rangi chungu ya maganda ya miti) ndani yake, na saruji na sukari haziivi chungu kimoja. Sukari kidogo tu, asilimia 0.05 ya uzito wa saruji, inachelewesha kuganda kwa masaa kadhaa, na ikikaribia asilimia 1 saruji inaweza isigande kabisa. Kwa hiyo kazi yangu nusu yake ni kufua mbao, na nusu nyingine ni kusubiri. Kuchanganya kwenyewe ni kipande kidogo mno.

Saa moja mpaka saa mbili na nusu ni kuchekecha gunia jipya, barakoa usoni muda wote. Hilo sina utani nalo, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, walishaliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu toka 1995, na mtu anayechekecha bila kufunika pua anajiumiza bure. Unga laini sana nautenga maana unakunywa maji kupita kiasi, vipande virefu navyo natenga, nabaki na chembe za ukubwa wa punje ya mchele hivi. Na leo nimekuta humo mabaki yenye rangi ya kijani, hiyo ni mbao iliyotiwa dawa, inaweza kuwa na sumu ya aseniki ndani. Nimelirudisha gunia zima. Sio kipande kile tu, gunia zima.

Saa tatu naanza kuchanganya. Saruji ndoo 1, mchanga ndoo 1, maranda ndoo 3, nimevaa glavu maana saruji mbichi ina pH ya 12 mpaka 13, yaani ni kali kama magadi makali, inakula ngozi taratibu na wewe huna habari. Kwanza vikavu vyote vichanganyike mpaka rangi iwe moja, halafu maranda, halafu maji kidogo kidogo. Kipimo changu ni kiganja: nashika donge nalikamua kwa nguvu, likitoa matone mawili matatu kati ya vidole na nikifungua mkono likabaki limeshikana na alama za vidole zikionekana, nimefika. Likichuruzika nimezidisha, likimomonyoka nimepunja.

Nimeshindilia kalibu sita, karai bado limejaa zaidi ya nusu, ndo akatokea mteja.

Huyu mzee aliagiza matofali 60 ya kugawia chumba. Tulikubaliana siku 28 na nikamwandikia tarehe kwenye karatasi. Leo ni siku ya 11. Amekuja na gari na vijana wawili wa kupakia.

"Fundi, yameshakauka haya, nayaona."

Nikamwambia mzee wangu, yamekauka juu tu, ndani bado, na tuliandikiana 28. Akasema matofali ya saruji ya kawaida yeye anayatumia baada ya wiki, sasa haya ya maranda yana nini cha ajabu. Nikamweleza. Mbao inanyonya maji na kuyaachia polepole sana, na inapoyaachia inasinyaa, kwa hiyo tofali lote linasinyaa nalo. Nikamletea kipande changu cha majaribio cha mita 1, kimepungua karibu milimita 3 toka nilipokitoa kwenye kalibu na bado hakijamaliza. Akiyajengea ukuta leo huko kusinyaa kutatokea ukutani, na nyufa zitaanzia kwenye viungo. Alinisikiliza vizuri, mpaka nikadhani tumeelewana, kisha akasema, "Sawa, lakini gari nimeshalileta."

Tukaanza upya. Akasema si niweke ile dawa ya kuharakisha. Kalsiamu kloraidi ipo na kweli inaharakisha, ila inaingia kwenye saruji wakati wa kuchanganya, huwezi kuja kuipaka kwenye tofali lililokwisha kushindiliwa, na ikishaingia inatafuna chuma, kwa hiyo mtu mwenye wavu au misumari ukutani anajitafutia kutu. Akatikisa kichwa kama vile namficha kitu. Akanyanyua tofali moja, akalipimapima kwa mkono, akafurahia wepesi wake, halafu akaniuliza kama yatakayobaki anaweza kujengea ukuta wa nje na kuweka ghorofa juu.

Nilimleta mpaka kwenye mzani kwa sababu maneno yalikuwa yameniishia. Kipande cha zege la kawaida, sentimita 15 kila upande, kilo 8. Kipande changu cha ukubwa ule ule, kilo 3 na gramu 700. Nikamwambia hiyo tofauti yote ni mbao na hewa, ndo maana chumba hakipati joto sana wala kelele, ndo maana unaweza kupigilia msumari na kukata kwa msumeno, na ndo maana hiyohiyo hakiwezi kubeba ghorofa. Ukuta wa kugawa chumba, sawa. Kujaza katikati ya nguzo, sawa, ila nje kipigwe plasta vizuri kisinywe mvua. Kubeba nyumba, hapana, na mimi sitamuuzia mtu akafanye hivyo.

Yeye bado amelishika lile tofali. Akasema "mbona gumu hili" akaminya kona kwa kidole gumba. Kona ikaondoka. Haikukatika, ilimeguka chembechembe ikamwagika juu ya kiatu chake, na pale ilipotoka kukaonekana weusi wa unyevu ndani. Tukanyamaza wote. Wale vijana wakarudi kwenye gari wenyewe bila kuambiwa. Mzee akasema atakuja tarehe iliyoandikwa, na hakuaga vizuri, lakini matofali 59 yamebaki chini ya turubai na hilo ndo nililokuwa nalitaka.

Sasa rudi kwenye karai. Saa nzima na zaidi imepita. Maranda yameshakunywa maji yote, saruji imeanza kushika, mchanganyiko umekuwa mgumu hadi beleshi linagonga. Hapo mkono unatamani kuongeza maji ulainike uendelee, na ukiongeza unalainika kweli, ila nguvu imeshaondoka na hutaijua mpaka tofali lipasuke kwa mwenyewe. Nimelimwaga lote pembeni. Ndoo moja ya saruji na maranda ya siku tatu. Nilikaa chini dakika kumi hivi nikiliangalia tu.

Mchana umepita kwa kuchanganya upya peke yangu, mgongo umeanza kulalamika kwenye kalibu ya tisa, nikamaliza kalibu ishirini sijui saa ngapi, labda tisa.

Jioni ndo sehemu ninayoipenda. Wiki iliyopita nilijaza kalibu nne, saruji ileile, mchanga uleule, maji yaleyale, maranda tofauti: ya kwanza hayakufuliwa, ya pili yamefuliwa kwa maji baridi, ya tatu maji ya moto, ya nne maji ya moto na chokaa. Zote ni mbao ya msonobari, maana mwaloni na miti mingine yenye tanini nyingi inasumbua zaidi. Leo nimezifungua. Ya kwanza nimekwaruza kwa msumari ukaingia mpaka nusu bila kusukuma. Ya pili inashika ila kingo zinamomonyoka. Ya tatu nzuri. Ya nne nikaigonga kwa kifundo cha kidole ikajibu, ule mlio mkavu mfupi kama wa kugonga mlango, na msumari ukaacha mstari mweupe tu juu yake. Nimeigonga mara tano sita bila sababu yoyote, nasikiliza tu. Mambo kama haya ndo yananirudisha kesho yake.

Baada ya hapo ni kunyunyizia matofali maji, kuyafunika, kuchorea tarehe kwa msumari kwenye haya ya leo yakiwa bado laini, na kutandaza maranda mabichi yasibaki kwenye rundo. Rundo kubwa lenye unyevu linapata joto lenyewe kwa ndani na linaweza kuwaka moto usiku hakuna mtu, kwa hiyo hata nikichoka vipi hilo silali bila kulifanya. Mikono saa hizi haikunji vizuri, naandika hii kwa kidole kimoja.

Lile tofali la mzee lenye kona iliyomeguka sijalitupa. Nimelipima, kilo 6 na gramu 200, nimelizamisha kwenye ndoo ya maji. Kesho alfajiri nikishanusa pipa nitalitoa, nilipime tena nijue limekunywa kiasi gani.