Siku moja jikoni, pua ikiwa haisikii

Saa 10:30 alfajiri. Kabla sijawasha chochote, napaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, kuanzia mtungini mpaka kwenye jiko. Pakichemka vipovu, panavuja. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya hutiwa makusudi ili mtu ashtuke. Mimi hainishtui tena. Korona ilinilaza Julai 2021, na huu ni mwezi wa tano pua yangu haisikii sawasawa. Nami kazi yangu ni upishi, hapa Unguja: pilau na mchuzi wa samaki wa kuuza.

Mafua nayajua, pua huziba na harufu ikapotea. Safari hii pua ilikuwa wazi, hewa inapita vizuri, lakini nilipofunua kopo la bizari ya pilau ilikuwa kama nimefunua kopo tupu. Nikaleta uso karibu mpaka nikapiga chafya. Hakuna kitu.

Saa 12:30 asubuhi, sokoni. Samaki namfunua matamvua: yawe mekundu, macho yawe maangavu na yamejaa, nyama nikiibonyeza irudi. Zamani nilikuwa nanusa tu na kupita.

Saa 3. Hapa ndipo penye kazi. Pilau ni kitunguu, na kitunguu kikipitiliza kidogo tu sufuria nzima inakuwa chungu. Kiswahili chetu kinasema tunasikia harufu; sasa nasikiliza kwa masikio hasa. Kitunguu kikiwa na maji mafuta hupiga kelele, maji yakiisha sauti inashuka, inakuwa nyembamba. Hapo sigeuki pembeni. Binti wa kaka yangu anasimama upande wa pili na pua yake.

"Shangazi, tayari. Tia thomu."

Natia, huku nimefunga mtandio puani. Maana tangu mwezi uliopita harufu zimeanza kurudi, lakini zimerudi zimeharibika. Kitunguu na thomu vikikaangwa nasikia mpira unaoungua uliochanganyika na uozo. Kahawa vilevile. Siku ya kwanza nilimwaga sufuria ya nyama nzima iliyokuwa haina kasoro.

Saa 5. Chumvi naonja mwenyewe. Ulimi wangu bado unatambua chumvi, sukari, ndimu na uchungu, na pilipili inaniwasha kama kawaida. Utamu wa chakula tunaousifu, ile hiliki, ule mdalasini, karibu wote ni kazi ya pua. Watu wakiniambia "umepoteza ladha" nawaeleza hivi, wanashangaa.

Saa 9 alasiri, vyombo vimeoshwa. Nakula wali mweupe na tango, kwa kuwa havinitibui. Nimepungua. Kituo cha kwanza nilichokwenda niliambiwa nishukuru niko hai. Nashukuru, wallahi. Lakini mshonaji akipofuka haambiwi ashukuru tu.

Daktari wa masikio, pua na koo ndiye aliyenikalisha akanieleza. Juu kabisa ndani ya pua kuna chembe zinazonasa harufu, na pembeni yake chembe zinazozilea. Virusi hivi hushambulia zaidi hizo walezi, na chembe za harufu zinakosa wa kuzitunza. Uzuri ni kwamba chembe hizo mwili huziotesha upya, ndiyo maana wengi hurudi katika hali yao, wengine kwa wiki, wengine kwa miezi mingi. Harufu mbovu inayonisumbua, akasema, mara nyingi hutokea neva zikiwa zinaota tena.

Akanipa zoezi. Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, alilichapisha na wenzake mwaka 2009: harufu nne, mara mbili kwa siku, wiki 12. Waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Karafuu! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Dawa yenyewe inaanikwa kwenye majamvi Pemba.

Saa 2 usiku. Mjukuu ametoka kuoga, namkumbatia, simsikii. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pilau. Nakaa na vikopo vyangu vinne, kila kimoja sekunde 20 hivi, nanusa taratibu huku nikikumbuka harufu yake ilivyokuwa. Marashi ya waridi, kimya. Limau, kitu kikali cha mbali. Mkaratusi, ubaridi tu puani. Karafuu naiponda kwa meno kwanza, naiweka kiganjani.

Imekuja. Karafuu yenyewe, si mpira wala moshi, kama pumzi mbili, ikakatika.

Naandika kwenye daftari: karafuu, pumzi mbili. Halafu nainuka kufunga mtungi.