Dawa za ukomo wa hedhi zikiadimika Dodoma: jua kwanza ni ipi uliyoikosa

Mwanamke anayetumia homoni kwa ajili ya ukomo wa hedhi kwa kawaida anatumia dawa mbili, hata kama zote zimo ndani ya kidonge kimoja. Ya kwanza ni estrojeni. Hiyo ndiyo inayotuliza joto la ghafla, jasho la usiku, ukavu ukeni na usingizi unaokatika saa nane usiku. Ya pili ni projesteroni au ndugu zake waliotengenezwa maabara, na kazi yake ni kulinda ukuta wa ndani wa kizazi usinenepe kwa kuchochewa na estrojeni. Ya kwanza unaisikia mwilini. Ya pili huisikii. Famasi ikisema imeishiwa, matatizo huanzia hapo.

Ukikosa estrojeni kwa wiki chache utateseka, ila hutakuwa hatarini. Joto linarudi, usingizi unapotea, hasira zinakuwa karibu. Ukikosa projesteroni ukaendelea na estrojeni peke yake, utajisikia vizuri kabisa huku ukuta wa kizazi ukinenepa kimyakimya. Kule Marekani, utafiti uitwao PEPI uliotoa matokeo haya mwaka 1996 uliwafuata wanawake kwa miaka 3. Kati ya wale wenye kizazi waliopewa estrojeni tupu, asilimia 34 walipata mabadiliko ya ukuta ya aina inayoweza kuelekea kwenye saratani. Siku chache bila projesteroni si janga, miezi ndiyo hatari. Lakini pesa ikipungua au dawa ikikosekana, wengi huacha hiyo hiyo, kwa sababu hawaoni tofauti wakiiacha.

Aliyetolewa kizazi yuko nje ya hesabu hii. Yeye kwa kawaida hutumia estrojeni peke yake, na hana sababu ya kuhangaika kutafuta ya pili. Aliyetolewa ovari kabla ya miaka 45 naye asikubali kuambiwa "acha tu, ni umri". Kwake estrojeni inalinda mifupa na moyo hadi kufikia umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, takriban miaka 51. Huyu anastahili kutafutiwa dawa kwa juhudi zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Dawa hizi haziadimiki kwa sababu ya ubaya wa mtu. Mwenye famasi huagiza kinachotoka. Akileta maboksi matano ya estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni, na mawili yakaisha muda wake kwenye rafu, mwezi ujao haleti. Mama anayekuja kuulizia anaambiwa hakuna, anakwenda kwingine au anakata tamaa, na mwenye famasi anabaki akiamini kwamba hakuna mnunuzi. Sehemu kubwa ya mzigo hupitia kwa waagizaji wa Dar es Salaam, kwa hiyo wao wakikaukiwa, Dodoma inakaukiwa nao, na Manyoni, Kondoa na Mpwapwa zilishakauka kabla. Hata nchi zenye fedha hukumbwa: mwaka 2022 Uingereza iliamuru famasi zisitoe zaidi ya miezi 3 kwa mara moja kwa baadhi ya homoni hizi, kwa sababu mahitaji yalizidi mzigo.

Usipoteze nauli kwenda kwenye Duka la Dawa Muhimu la mtaani. Maduka ya DLDM yanaruhusiwa orodha fupi ya dawa, na hizi hutazamie kuzikuta humo. Tafuta famasi yenye mfamasia, na upige simu kabla ya kutoka nyumbani. Unapopiga, usiseme "nataka dawa ya homoni". Ukisema hivyo utajibiwa kwa vidonge vya majira, au kwa dawa ya kusogeza hedhi. Sema hivi:

"Habari za kazi, dada. Natafuta estradioli valereti ya kumeza, miligramu 1 au 2. Ni ya ukomo wa hedhi, si ya uzazi wa mpango. Kama hamna, unaweza kuniangalizia kwa wauzaji wa jumla? Cheti cha daktari ninacho."

Sentensi hizo zina jina halisi la dawa, nguvu yake, umbo lake na matumizi yake. Jina la kibiashara lililo kwenye boksi lako la zamani linaweza kuwa halipo tena sokoni, wakati dawa yenyewe ipo kwenye boksi la rangi nyingine mbele ya macho ya muuzaji. Mwombe daktari aandike jina halisi kwenye cheti, na kama unatumia bima, uliza kabla kama dawa hiyo imo kwenye orodha yao, maana orodha hubadilika.

Sasa hili la kukatiwa nusu boksi. Kuna boksi lenye vidonge 21: 11 vya rangi moja, 10 vya rangi nyingine, halafu unapumzika siku 7. Vile 11 vya mwanzo ni estrojeni tupu. Vile 10 vya mwisho vina estrojeni pamoja na homoni ya kulinda kizazi. Mama ana hela ya nusu boksi, muuzaji anachukua mkasi, anakata karatasi katikati na kumpa upande wa mwanzo. Mwezi unaofuata inakuwa hivyo hivyo. Amekunywa estrojeni tupu miezi miwili, na anaamini anatumia dawa aliyoandikiwa. Boksi la rangi mbili halikatwi. Kama hela haitoshi, ni heri kusubiri ununue zima.

Vidonge vya majira navyo visichukuliwe kama mbadala wa kujichagulia. Vile vyenye homoni mbili vina estrojeni ya aina nyingine, ethinili estradioli, mara nyingi mikrogramu 30, nayo ni kali kuliko ile ya ukomo wa hedhi. Kwa mwanamke wa miaka 50 na kuendelea, hasa mwenye presha au anayevuta sigara, hatari ya damu kuganda na kiharusi inapanda.

Kama iliyokosekana ni ya kulinda kizazi, habari njema ni kwamba hiyo ina ndugu wengi. Projesteroni ya vidonge laini huandikwa miligramu 200 kila usiku kwa siku 12 hadi 14 za mwezi, au miligramu 100 kila usiku bila kukatisha. Isipopatikana, daktari anaweza kukuhamishia medroksiprojesteroni miligramu 10 au norethisteroni miligramu 5 kwa siku zile zile 12 hadi 14. Norethisteroni ya miligramu 5 ndiyo ile ya kusogeza hedhi, kwa hiyo famasi nyingi huwa nayo. Ukihamia mpango wa siku 12 hadi 14, tegemea kutoka damu kidogo ukishamaliza zile siku. Usiogope, ndivyo inavyofanya kazi. Mwenye mzio wa karanga asome boksi kwanza, kwa sababu baadhi ya vidonge laini vya projesteroni vimetengenezwa kwa mafuta ya karanga.

Kitanzi chenye homoni ya levonorgestreli, miligramu 52, nacho hulinda kizazi kwa miaka 5 na kukuondolea kabisa safari za kutafuta dawa ya pili. Kitanzi cha shaba, ambacho ndicho wengi wanakifahamu kliniki, hakilindi chochote kwenye jambo hili. Uliza ulichowekewa ni kipi.

Ikiwa estrojeni ndiyo imekosekana, usiinyooshe kwa kumeza leo na kuruka kesho. Kiwango kinapanda na kushuka, joto linarudi kwa vurugu, na damu inaweza kutoka bila mpango. Ni bora daktari akushushe kutoka miligramu 2 hadi 1 kila siku, huku dawa ya kulinda kizazi ikiendelea. Usivunje kidonge mwenyewe: vingi vina ganda la sukari na havina mstari wa kukatia. Na kama estrojeni imekwisha ukiwa katikati ya zile siku 12 hadi 14, malizia projesteroni yako.

Kuhama kutoka estrojeni ya ngozi, yaani plasta ya kubandika au jeli ya kupaka, kwenda kidonge kunahitaji swali moja kabla: kwa nini uliandikiwa ya ngozi? Estrojeni ya kumeza hupitia kwanza kwenye ini na kuongeza uwezekano wa damu kuganda. Ya ngozi, kwa vipimo vya kawaida, haijaonekana kufanya hivyo. Kama ulipewa ya ngozi kwa sababu ya uzito mkubwa, kipandauso au historia ya damu kuganda katika familia, kidonge si mbadala wako hata kama kimejaa rafu nzima.

Ukibahatika kupata plasta, zitunze. Za kubadilisha mara mbili kwa wiki ni 8 kwa siku 28, na moja ikidondoka hesabu inaharibika. Jasho la Dodoma mwezi wa Oktoba na Novemba, mchana ukipita nyuzi 30, huzing'oa. Bandika chini ya kiuno au kwenye tako, kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe kavu, haijapakwa mafuta wala losheni, kisha kandamiza kwa kiganja kwa sekunde 10, pembeni hasa. Ikidondoka, bandika mpya na ubaki na siku yako ile ile ya kubadilisha. Boksi lisikae juu ya kabati chini ya bati, wala kwenye gari. Liweke chumba cha ndani, karibu na sakafu, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Plasta haziwekwi kwenye friji.

Homoni zisipopatikana kabisa, joto la ghafla lina dawa nyingine za cheti. Gabapentini, ambayo hutumika pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, huanzwa kwa miligramu 300 usiku, na inaleta usingizi, jambo zuri kwa anayeamka amelowa jasho lakini baya kwa anayeendesha gari alfajiri. Venlafaksini, ambayo ni dawa ya sonona, huanzwa kwa miligramu 37.5 na kupandishwa hadi 75. Inaweza kupandisha presha, na haiachwi ghafla. Anayetumia tamoksifeni kwa saratani ya titi asipewe paroksetini wala fluoksetini, ambazo nazo ni dawa za sonona, kwa sababu zinapunguza nguvu ya tamoksifeni. Dawa hizi hazigusi ukavu ukeni. Huko, krimu ya estrojeni ya ukeni, kila usiku kwa wiki 2 kisha mara mbili kwa wiki, hutosha bila projesteroni kwa walio wengi. Isipokuwepo, tumia kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi yanasaidia ukavu lakini yanaharibu kondomu.

Mchanganyiko wa mitishamba unaouzwa kwa jina la "kurudisha homoni" ni bora uuache. Muuzaji hawezi kukwambia kuna nini ndani na kwa kiasi gani. Na kama ndani yake kuna kitu kinachofanya kazi ya estrojeni, kizazi chako hakina wa kukilinda.

Damu ikitoka wakati usiotarajiwa, hasa baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, usimlaumu mfamasia wala ukame wa dawa. Nenda ukapigwe ultrasaundi ya kizazi wiki hiyo hiyo, na ubebe maboksi yote uliyotumia, hata matupu.

Kuhusu akiba: siku unayofungua boksi la mwisho ndiyo siku ya kuagiza, si siku ya kumaliza. Hiyo inakupa wiki tatu hadi nne za kutafuta. Na kama mpo watatu au wanne mnaotumia dawa moja, kazini, kanisani au msikitini, nendeni kwa mfamasia mmoja mkiwa na vyeti vyenu, mmwambie mtachukua maboksi manne kila mwezi na mlipe la kwanza papo hapo. Boksi moja la kubahatisha halimshawishi kuagiza. Maboksi manne yenye wenyewe anayaagiza.