Tulivyochagua kifaa cha bekapu cha sacco yetu Kisumu

Kila muuzaji wa vifaa vya bekapu, yaani vya kutunza nakala za akiba za data, huanza na uwiano. Huyu anasema chake kinabana data mara 20, yule mara 50. Nilipokabidhiwa kazi ya kutafuta kifaa kipya cha sacco yetu hapa Kisumu, niliiweka namba hiyo kando mapema. Chukua nakala zenye jumla ya terabaiti 100. Kwa uwiano wa 10 kwa 1 zinakaa kwenye terabaiti 10, kwa 20 kwa 1 zinakaa kwenye 5, kwa 50 kwa 1 kwenye 2. Unafuu mkubwa umeshaupata kwenye hatua ya kwanza. Tena uwiano hutegemea zaidi data yenyewe na muda unaoitunza kuliko jina lililoandikwa kwenye kifaa.

Swali lililoniongoza lilitoka kwa mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu asiyependa maneno mengi.

"Kijana, seva ikiharibika Ijumaa usiku, mwanachama wa Ahero atatoa pesa zake lini?"

"Mwalimu, itategemea kifaa tutakachonunua."

"Basi tafuta kitakachonijibu."

Vifaa hivi hukata data vipande vidogo vya kilobaiti chache, hukipa kila kipande alama yake ya hashi, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, kisha huilinganisha na alama zilizopo. Kipande kilichokwisha hifadhiwa hakiandikwi tena, huwekewa tu kielekezi cha kuonyesha kilipo. Huku ndiko kuondoa marudio. Kwa sacco, hiyo ni neema kubwa, maana hifadhidata ya Jumatatu na ya Jumanne hufanana karibu yote, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inatutaka tutunze kumbukumbu miaka 5. Bila kuondoa marudio, tungejaza chumba kizima kwa diski.

Kazi iko kwenye kurudisha. Nakala unayoiita ya jana imeundwa na vipande vilivyotawanyika, vingine viliandikwa mwaka juzi, na kifaa lazima kivikusanye kimoja kimoja. Mfumo wetu una takriban terabaiti 6. Vikikusanywa kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde, ni saa 8 na kitu. Kasi ikishuka hadi 80, ni karibu saa 21, na hapo siku nzima ya kazi imekwenda. Vipeperushi vingi hutangaza kasi ya kuandika kwa herufi kubwa, lakini ya kusoma mpaka uiulize.

Miundo nayo inatofautiana. Kampuni ya Data Domain, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2001, ikanunuliwa na kampuni ya EMC mwaka 2009 na sasa iko chini ya Dell, huondoa marudio data ikiwa inaingia. StoreOnce, kifaa cha kampuni ya HPE, hufanya vivyo hivyo. ExaGrid hupokea nakala ya karibuni na kuiacha nzima kwenye eneo lake la kupokelea, marudio yakaondolewa kwenye hifadhi ya nyuma. Mtindo wa kwanza unabana diski tangu mwanzo. Wa pili unahitaji diski zaidi, ila nakala ya jana hurudi haraka kwa kuwa haihitaji kuunganishwa upya. Kwetu sisi, nakala tunayoihitaji kwa dharura karibu daima ni ya jana.

Niliomba wauzaji watuazime vifaa tuvijaribu kwa data yetu wenyewe, wala si ile wanayokuja nayo. Hapo ndipo nilipojifunza mengi. Hifadhidata yetu ilikuwa ikisimbwa, yaani ikigeuzwa kuwa maandishi ya siri, kabla ya kutoka kwenye seva. Data iliyosimbwa hubadilika sura kila usiku hata kama salio halijasogea, kwa hiyo kifaa hakikuona marudio hata kidogo. Tuliihamisha kazi ya kusimba: data husafiri kwenye njia iliyolindwa, na kifaa chenyewe huisimba baada ya kuondoa marudio. Picha za wanachama na fomu za mikopo zilizoskaniwa zina tabia nyingine. Hazifanani zenyewe kwa zenyewe, hivyo mara ya kwanza hazibani, lakini nakala ya wiki ifuatayo huingia karibu bure. Ndiyo maana jaribio la usiku mmoja halikuonyeshi kitu. Liache lipitie wiki kadhaa za nakala kamili.

Nakala ya pili ilipaswa kukaa mbali na Kisumu, na tuna tawi Nakuru. Kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, kutuma terabaiti 6 kungechukua karibu siku 28 mfululizo. Tuliviweka vifaa vyote viwili, cha Kisumu na cha Nakuru, chumba kimoja, tukanakili, kisha kimoja kikapandishwa gari kwenda Nakuru. Tangu hapo laini hubeba vipande vipya pekee, na kufikia alfajiri imemaliza.

Sharti ambalo nisingelilegeza kwa bei yoyote lilikuwa kufuli la muda: nakala ikishafungwa, hata mimi mwenye nywila kuu siwezi kuifuta kabla ya siku zake. Wanaoteka data na kudai fidia huanza na bekapu. Uliza pia kuhusu usafishaji, kwa sababu kufuta nakala hakurudishi nafasi papo hapo. Nafasi hupatikana kifaa kikishapita na kuondoa vipande visivyoelekezwa na nakala yoyote. Acha nafasi ya ziada.

Tulichukua chenye eneo la kupokelea. Kila robo mwaka tunarudisha mfumo mzima kwenye seva ya pembeni, na karani wa mikopo hufungua akaunti za matawi mbalimbali kulinganisha salio na ripoti ya siku hiyo. Yeye ndiye anayetia saini, wala si idara yangu. Kwenye mkataba, nilisisitiza mambo mawili yaandikwe: fundi afike Kisumu ndani ya saa zilizotajwa, na diski ya akiba ikae kwetu, kwenye kabati lililo kando ya seva. Muuzaji alitaka ibaki Nairobi. Tulikataa, akakubali.