Kiraka Kilicholala Diskini

Ukaguzi wa seva za kazini umeisha wiki hii, isipokuwa mashine moja ambayo nitaifikia huko mwishoni. Naandika usiku huu wa Jumamosi kabla mambo hayajanitoka kichwani. Ukaguzi ukishapita, kinachobaki ofisini ni jedwali lenye safu za kijani na nyekundu, na mengi niliyoyaona hayana safu humo.

Kazi yenyewe ukisimuliwa ni nyepesi. Pita kila seva, hakikisha viraka vya usalama (marekebisho yanayoziba matobo ya programu) vimewekwa, hakikisha mipangilio ya kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha mashine, ni ile tuliyokubaliana. Mkaguzi wa nje anataka ndiyo au hapana. Tatizo ni kwamba seva ina majibu mawili kwa swali hilohilo: lililoandikwa diskini, na lililo hai kwenye kumbukumbu ya mashine. Mteja anahudumiwa na hili la pili, lakini zana nyingi za ukaguzi husoma lile la kwanza.

Chukua kerneli. Kwenye seva za Linux za ukoo wa Red Hat (mfumo wa kampuni hiyo na jamaa zake), `rpm -q kernel` inakutajia kerneli zote zilizosakinishwa, na ukiiona mpya pale unashawishika kuweka tiki. Kisha unaandika `uname -r`, mashine inakujibu kwamba inaendesha ile ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyeiwasha upya tangu kiraka kiwekwe. Kiraka kimelala diskini. Mfano ninaowapa vijana kila mara ni Dirty COW, tobo la usalama lenye namba ya usajili CVE-2016-5195, la Oktoba 2016. Tobo lile lilikuwa limekaa ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007, na lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipandisha hadi root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote. Kiraka kilitoka haraka sana, lakini aliyekisakinisha bila kuwasha mashine upya alibaki na tobo lake vilevile, huku ripoti ikimwambia yuko salama.

Wapo wanaotumia viraka vinavyoingizwa kwenye kerneli huku inaendelea kufanya kazi, uwezo uliomo ndani ya Linux tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015. Hapo hata `uname -r` haitoshi kwa sababu namba haibadiliki. Unafungua `/sys/kernel/livepatch` uone kilichomo.

Maktaba, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, nazo zina tabia hiyohiyo. Tobo la Heartbleed lilipotangazwa Aprili 2014, matoleo ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f yalikuwa yanavujisha vipande vya kumbukumbu ya seva kwa yeyote aliyejua kuuliza. Watu wengi walisasisha usiku uleule. Ila seva ya wavuti ambayo ilishaipakia maktaba ya zamani huendelea nayo mpaka uizime na kuiwasha, kwa maana faili lililofutwa halipotei maadamu kuna mchakato umelishika. Ukiendesha `lsof`, inayoorodhesha mafaili yaliyoshikwa, utaliona limeandikwa DEL. Mimi naanzia hapo siku hizi, kabla hata ya kuuliza toleo.

Upande wa pili wa jambo hilo umenichosha zaidi wiki hii: namba inayoonekana ya zamani kumbe imeshazibwa. Kijana niliyekuwa naye kwenye zoezi alinijia na ripoti ya skana ya matobo imejaa wekundu.

"Kaka, hii inasema tuna matobo kibao. Mbona jana ulisema tumeziba?"

"Soma namba yote mpaka mwisho," nikamwambia. "Usiishie kwenye toleo."

Red Hat, na wengine wanaofanya kama wao, hawakimbilii toleo jipya kila tobo linapoonekana. Wanachukua marekebisho yenyewe na kuyashonea kwenye toleo la zamani, ili programu za wateja zisivurugike. Wakati wa Heartbleed, kifurushi kilichozibwa cha RHEL 6, mfumo wa Red Hat, kiliitwa `openssl-1.0.1e-16.el6_5.7`. Anayesoma 1.0.1e tu ataona tobo, wakati marekebisho yameandikwa kwenye mkia. Uthibitisho uko kwenye historia ya kifurushi: `rpm -q --changelog openssl`, kisha tafuta namba ya CVE. Nilikaa na kijana tukapitia mistari michache ya mwanzo pamoja, iliyobaki akaimaliza mwenyewe. Alifuta wekundu mwingi, na kila alipofuta aliandika ushahidi pembeni. Nilifurahi sana kuona hivyo.

Kuna aina ya ukimya inayonitia hofu kuliko wekundu. Tumebakiwa na mashine chache za CentOS 7, jamaa wa bure wa RHEL, zinazosubiri kuhamishwa. Ukiziuliza kama kuna kiraka kinachosubiri, zinajibu hakuna. Ni kweli hakuna, kwa sababu CentOS 7 iliacha kupewa viraka tarehe 30 Juni 2024. Jedwali linaziweka kwenye kijani. Nimezipaka nyekundu kwa mkono na kuandika sababu, na mkuu wangu nimemwambia ana kwa ana.

Sasa mipangilio ya kerneli, ambako ndiko nilikotumia muda mwingi.

Njia yetu ni ya kawaida: kila seva iendeshe `sysctl -a`, inayotoa mipangilio yote ya kerneli iliyo hai, matokeo yapangwe kwa alfabeti, kisha tulinganishe alama zake (hashi, namba fupi inayowakilisha matokeo yote). Kijana alipolinganisha mara ya kwanza alikuta hakuna seva mbili zinazofanana, akadhani kuna mtu amezichezea zote. Lakini humo kuna vitu kama `kernel.random.uuid`, ambayo hutoa thamani mpya kila inaposomwa, na `fs.file-nr`, ambayo hubadilika kila faili linapofunguliwa. Hivyo viondolewe kwanza. Baada ya hapo seva zikaanza kujikusanya zenyewe: kundi kubwa linalofanana, makundi madogo mawili matatu, na zile za pekeyake.

Makundi mengine hayakutokana na mkono wa mtu. `net.core.somaxconn`, foleni ya miunganisho inayosubiri kupokelewa, ilikuwa 128 kwa miaka mingi, na kuanzia kerneli 5.4 ikawa 4096. Kwa hiyo timu mbili zinaweza kuapa kwamba hazijagusa chochote, na zote zikasema kweli, huku seva zao zikihimili mzigo tofauti kabisa. Tumekubaliana kwamba kitu tunachokitegemea tutakiandika wazi, hata kama ni kilekile cha kuzaliwa.

Kundi dogo moja lilikuwa na `net.ipv4.tcp_tw_recycle = 1`. Nilipoiona nilisimama. Mashine hizo zilikuwa zimehamishiwa mbele, zinapokea wateja moja kwa moja, na malalamiko tuliyokuwa nayo kwa muda mrefu yalikuwa ya wateja wa simu: leo inafungua, kesho inakataa, jirani yake aliyeketi naye inafungua. Kila mara jibu lilikuwa kwamba mtandao wa simu ndio mbovu.

Nieleze kidogo, maana hili linagusa sana huku kwetu ambako watu wengi huingia intaneti kwa bando la simu. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Mpangilio ule, ukiwa pamoja na mihuri ya wakati ya TCP (itifaki ya miunganisho ya mtandao), huifanya seva ikumbuke muhuri wa mwisho iliouona kutoka kwa kila anwani, na kwa dakika moja hivi ikatae ombi lolote jipya kutoka anwani hiyo lenye muhuri mdogo zaidi. Kama nyuma ya anwani kuna kompyuta moja, hakuna neno. Kama kuna simu mia, kila moja ina hesabu yake, na nyingi huhesabu tangu zilipowashwa. Simu ambayo haijazimwa wiki nzima ikibisha hodi na muhuri mkubwa, simu iliyowashwa asubuhi ikija nyuma yake inatupwa. Haipewi hata jibu la kukataliwa. Mwenye simu anaona duara linazunguka tu.

Ushahidi ulikuwepo muda wote. Kwenye `netstat -s` kuna mstari unaohesabu miunganisho iliyokataliwa kwa ajili ya muhuri wa wakati, na namba yake ilikuwa inapanda huku nikiitazama. Tuliuzima mpangilio, namba ikasimama palepale. Wenye kutunza Linux waliung'oa kabisa katika toleo la 4.12 mwaka 2017, ndiyo maana kwenye seva zetu mpya ukiuuliza unaambiwa faili halipo.

Nilitaka kujua uliwekwa kwa nini, kwa hiyo nikampigia mzee aliyejenga seva zile za kwanza. Amestaafu, yuko Muheza na michungwa yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Haya, seva zimefanya nini?"

Nilipomtajia mpangilio alikumbuka mara moja. Enzi hizo mashine ile ilikuwa nyuma kabisa, ikiongea na hifadhidata na kitu kingine hakuna. Ilikuwa inafungua na kufunga miunganisho kwa kasi, na kila uliofungwa ulikaa sekunde 60 kabla poti yake (mlango wa muunganisho) haijaachiwa. Poti za kutumia ni elfu ishirini na nane hivi, zikawa zinaisha; mpangilio ule uliziachia mapema. "Kwa pale ilikuwa dawa," akasema. "Haikuwa inaonana na simu ya mtu. Nani aliipeleka mbele?"

Hakuna aliyeipeleka kwa kujua. Mashine ilinakiliwa, nakala ikanakiliwa, na mpangilio ukasafiri nao bila sababu yake. Simlaumu mzee hata kidogo, wala walionakili. Faili lilikuwa na mstari wa mpangilio peke yake, na mstari mtupu haumwambii mtu kwamba dawa hii ni ya ugonjwa gani. Tangu Jumatano kila mstari tunaouweka kwenye `/etc/sysctl.d/` unatanguliwa na maelezo: uliwekwa lini, kwa tatizo gani, na ni hali gani ikibadilika uondolewe. Ombi la mabadiliko lisilo na maelezo hayo silipitishi.

Kutoka hapo nilianza kulinganisha kitu ambacho miaka yote tulikuwa tunakikagua nusunusu: mafaili yanasema nini, na kerneli iliyo hai inasema nini. Hitilafu zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea. Mtu wa zamu anaamka usiku, huduma imekwama, anaandika `sysctl -w`, huduma inarudi, analala. Asubuhi hakuna aliyekumbuka kuandika kwenye faili. Thamani ile inaishi kwenye kumbukumbu tu, na inaweza kuishi miaka kama seva haizimwi.

Hapo viraka na mipangilio vinagongana. Kuwasha upya ndiko kunakokihuisha kiraka kilicholala, na kuwasha upya hukuhuku ndiko kunakoua mpangilio uliowekwa kwa mkono. Ofisi nyingi, na yetu ikiwemo, zina orodha mbili, mara nyingine za watu wawili tofauti: mmoja wa viraka, mmoja wa mipangilio. Wa viraka anaiwasha seva upya kwa haki kabisa, na kesho yake mfumo unaanza kuyumba, watu wanakilaumu kiraka. Kisha mwezi unaofuata wanaogopa kuweka kiraka. Nimeiona hofu hiyo ikikaa mahali miaka mingi, na chanzo chake hakikuwa kiraka. Kwa hiyo tumeziunganisha orodha. Hakuna seva itakayowashwa upya kabla ya kulinganisha thamani zilizo hai na zile za mafaili, na kila tofauti imeelezwa.

Iliyobaki ni seva ya hifadhidata ya PostgreSQL. Kerneli yake mpya imelala diskini muda mrefu, na ilipangwa iwashwe upya kesho usiku mzigo ukishuka. Kwenye faili lake kuna `vm.overcommit_memory = 2`, yaani kerneli isiahidi kumbukumbu kupita kikomo. Kikomo hicho hupigwa hesabu kwa `vm.overcommit_ratio`, asilimia ya ramu inayojumlishwa na swapu (sehemu ya diski inayosaidia ramu), ambayo haimo kwenye faili lolote. Thamani ya kuzaliwa ni 50. Kwenye kerneli iliyo hai ni 92.

Mashine ina ramu ya gigabaiti 64 na swapu ya gigabaiti 4. Kwa 92, kikomo ni karibu gigabaiti 63. Kwa 50, ni 36. Nilifungua `/proc/meminfo` mchana wa kazi nikakuta zilizokwisha kuahidiwa (mstari wa Committed_AS) ni 48. Maana yake tungeiwasha kesho usiku, ingeamka vizuri, ingepita vipimo vyote, na Jumatatu asubuhi watu wakishaingia kwa wingi hifadhidata ingeanza kunyimwa kumbukumbu.

Nimempigia mzee tena. Anasema hiyo 92 si yake. Waliopo ofisini hakuna anayeijua, na kwa nini ni 92 badala ya 90 sijui. Nimeiandika kwenye faili kama ilivyo, juu yake nikaweka tarehe, hesabu ya gigabaiti, na maneno haya: "Aliyeweka hajulikani. Usipunguze bila kuangalia Committed_AS mchana wa siku ya kazi." Kijana ameusoma mstari ule, ameendesha `sysctl --system` kwenye mashine ya majaribio, thamani imeshika. Kesho saa sita usiku tunaiwasha upya, na Jumatatu saa tatu asubuhi yeye ndiye atakayekaa na `/proc/meminfo`.