Kati ya Garmin na Fitbit, nimeshaamua

Wanaonifahamu wanajua najiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro, pale Moshi. Nilikuwa njia panda: nichukue Garmin Instinct 2, saa nene ya kazi ngumu, au Fitbit Inspire 3, ile bendi nyembamba ambayo ukiivaa unasahau kama ipo?

Bendi ni nzuri, niseme ukweli. Inahesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi, na chaji inafika hadi siku 10. Ila haina GPS yake, yaani kile kifaa cha kupima umbali kwa setilaiti, inategemea ya simu. Ukitaka umbali sahihi, lazima ukimbie na simu, na mimi sitaki simu inigonge pajani kilomita 21 nzima.

Instinct inashika setilaiti yenyewe. Ina vitufe 5, na hapo ndipo iliponikamata. Jasho likitiririka au mvua ikinyesha, kioo cha kugusa kinaanza ubishi na vidole, lakini kitufe unabonyeza tu, mwendo unaendelea. Skrini yake haina rangi za kuvutia, lakini jua likiwaka ndiyo namba zinasomeka vizuri zaidi. Chaji ni hadi siku 28 kwa matumizi ya kawaida. Kwa sisi ambao umeme unakatika bila taarifa, hilo ni jambo kubwa.

Usiku naivua, kulala nayo siwezi.

Mama nimemshauri achukue bendi. Yeye anatembea asubuhi na simu anayo mkononi muda wote, hivyo GPS si shida yake.