Nilivyopunguza muda na gharama za shahada yangu nikiwa Texas

Shahada ya kwanza ya Marekani huhesabiwa kwa krediti, yaani vizio vya uzito wa kila somo, na katika vyuo vingi zinatakiwa krediti 120. Anayesoma krediti 15 kila muhula humaliza kwa miaka 4. Mtu mzima mwenye familia na kazi za zamu, ambaye kwa muhula anamudu somo moja au mawili tu, huenda akasota zaidi ya mara mbili ya muda huo, na wengi huishia njiani kwa sababu ada hupanda na maisha hayasimami kumngoja. Nilipoanza kusomea shahada ya biashara hapa Houston, nikiwa mwajiriwa wa hospitali, swali lililonikaa kichwani lilikuwa moja: katika krediti hizo 120, ni zipi ninazoweza kuzipata bila kuketi darasani, na ni chuo gani kitakubali kuziandika katika rekodi yangu?

Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo iliyoniokolea fedha nyingi zaidi. Hapa kila chuo kina kanuni zake kuhusu krediti zinazotoka nje. Kuna kinachopokea mtihani fulani kama somo la lazima, na kuna kinachoupokea mtihani uleule kama somo la hiari lisilokusogeza mbele hata kidogo. Vyuo vingi pia hudai kwamba robo hivi ya shahada isomwe kwao wenyewe, hata kama umefika na kapu lililojaa. Kwa hiyo nilianzia mwisho: nilichagua kwanza chuo kikuu cha umma ambacho kingenipa shahada, nikasoma orodha yake ya mitihani inayokubalika na alama zinazotakiwa, kisha nikamwandikia barua pepe mshauri wa masomo nikimtajia kila somo na kumwomba athibitishe kwa maandishi. Majibu yake yote niliyahifadhi. Washauri hubadilika, na anayekuja baadaye hafungwi na ahadi ya mdomo ya mwenzake.

Baada ya hapo nilishughulikia vyeti vya nyumbani. Nilikuwa na stashahada ya uhasibu ya Tanzania pamoja na matokeo ya kidato cha sita. Kampuni zinazotathmini vyeti vya nje hutoa ripoti za aina mbili: moja hueleza tu cheti chako kinalingana na nini Marekani, na nyingine huchambua somo kwa somo pamoja na krediti zake. Ya pili ina bei kubwa zaidi, lakini kwa anayetaka krediti ndiyo yenye kazi. Ni vyema kuagiza nakala rasmi za matokeo mapema, kwa sababu hutakiwa zitoke moja kwa moja katika taasisi iliyozitoa, na kuzifuatilia ukiwa ng'ambo kunahitaji ndugu mvumilivu wa kwenda ofisini kwa niaba yako. Krediti zangu nyingi za stashahada zilipokewa kama masomo ya hiari, na machache ya msingi wa uhasibu yakapokewa kama masomo yaleyale ya uhasibu baada ya mimi kuwasilisha mihutasari ya kozi inayoonyesha mada zilizofundishwa.

Njia iliyofupisha safari zaidi ilikuwa mitihani ya CLEP, inayokupa krediti za chuo bila kulisoma somo lenyewe darasani. Mitihani hii huendeshwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani, na imekuwapo tangu 1967. Ipo 34, karibu yote huchukua dakika 90 kwenye kompyuta, na alama zake huanzia 20 hadi 80. Baraza la Elimu la Marekani, ACE, hupendekeza kwamba anayepata 50 katika mingi ya mitihani hiyo apewe krediti sawa na aliyesoma somo hilo chuoni, ingawa chuo kina haki ya kudai alama ya juu zaidi. Ada ya mtihani mmoja ilikuwa chini kidogo ya dola 100, pamoja na malipo ya kituo, ilhali somo hilohilo katika chuo kikuu lingenigharimu zaidi ya mara kumi ya fedha hizo, bila kuhesabu vitabu. Hata hiyo ada unaweza usiilipe: shirika la Modern States hutoa masomo ya bure ya kujitayarisha kwa mitihani hii, na anayekamilisha somo hupewa vocha ya mtihani. Ukikosa alama inayotakiwa, wastani wako wa alama chuoni hauguswi. Unasubiri miezi 3 kisha unarudia.

Aliyesoma Afrika Mashariki ana faida hapa ambayo wengi wetu hatuitambui. Aljebra ya CLEP iko karibu sana na hisabati tuliyoisoma sekondari, yaani milinganyo, logarithimu na grafu za vitendakazi. Uchumi, masoko, misingi ya usimamizi na uhasibu wa fedha humjia kwa urahisi aliyesoma masomo ya biashara. Kwangu kazi kubwa ilikuwa historia ya Marekani. Sheria ya Texas humtaka kila mhitimu wa shahada katika chuo cha umma awe na krediti 6 za historia ya Marekani na krediti 6 za masomo ya serikali, ikiwamo katiba ya Texas yenyewe. Historia niliifanya kwa mitihani, nikisoma usiku baada ya zamu. Mtihani wa serikali ya Marekani haugusi katiba ya Texas, kwa hiyo somo la serikali ya Texas nililisoma darasani.

Kisha kuna Kiswahili, na hapa napenda kukaa kidogo kwa sababu ni mali tuliyonayo na tunaiacha ilale. CLEP ina mitihani ya Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu. Lakini ACTFL, chombo cha Marekani kinachopima ujuzi wa lugha, kina usaili wa mazungumzo na mtihani wa uandishi kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na ACE hupendekeza krediti kulingana na kiwango unachofikia. Usaili hufanyika kwa simu na huchukua takribani nusu saa. Mtu asidhani kwamba kuzaliwa katika lugha kunatosha. Msaili huanza na mambo ya kawaida, kisha hukupandisha: simulia tukio tangu mwanzo hadi mwisho, linganisha sera mbili, tetea msimamo, eleza hali ingekuwaje kama jambo fulani lisingetokea. Anayechanganya Kiingereza kila sentensi, kama tunavyofanya wengi ughaibuni, hukwama hapo. Nilimpigia mjomba wangu wa Tanga nikamwambia, "Shikamoo mjomba, naomba unihoji kama mwandishi wa habari, na nikitia neno la Kiingereza unikatize." Akaniitikia na kazi ikaanza siku ileile. Tulijadili mkonge, bandari na ajira za vijana, na alinikatiza bila huruma. Krediti nilizozipata zilijaza sharti la lugha ya kigeni na sehemu ya masomo ya hiari.

Yaliyobaki ya msingi niliyasomea chuo cha jamii (community college), yaani chuo cha umma cha miaka miwili, ambako ada kwa mkazi wa eneo husika ni nafuu mno. Texas ina masomo ya msingi ya krediti 42, na sheria inavitaka vyuo vya umma vya jimbo kuyapokea yote kwa aliyeyakamilisha, bila kumrudisha nyuma. Nilihakikisha rekodi yangu imeandikwa kwamba nimeyakamilisha kabla sijahama. Kuhusu malipo, nilikuwa nimekwisha kukaa Texas zaidi ya miezi 12, hivyo nililipa ada ya mkazi. Mwenye grini kadi na kipato kidogo anaweza kuomba ruzuku ya Pell ya serikali kuu ya Marekani, ambayo kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, na haidaiwi kama mkopo. Mwajiri naye anaruhusiwa kumlipia mfanyakazi hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi; waulizeni watu wa rasilimali watu kazini kwenu, kwa sababu fedha hizi mara nyingi zipo na hazitangazwi.

Hatua ya mwisho haikufupishwa kwa mitihani. Masomo ya juu ya uhasibu yanafuatana, la pili halifunguki bila la kwanza, na CLEP hutoa krediti za ngazi ya chini pekee. Kwa sababu hiyo nililianza somo la kwanza la mnyororo huo mara tu nilipohamia chuo kikuu, na masomo mengine nikayapanga kuuzunguka. Shemeji yangu alichagua njia tofauti: alijiunga na Western Governors University, chuo cha mtandaoni, ambako unalipa ada moja kwa miezi 6 na kumaliza masomo mengi kadiri unavyoweza kuthibitisha umahiri. Kwa mtu mwenye nidhamu na ujuzi wa kazi, naiona ni njia nzuri sana.

Mwenye viza ya mwanafunzi azingatie kwamba lazima awe na mzigo kamili wa masomo kila muhula wa kawaida, na krediti za mtihani hazihesabiwi katika mzigo huo, ingawa hupunguza jumla. Anayekusudia kurudi Tanzania naye ahakikishe chuo kina ithibati inayotambulika, kwa sababu shahada ya nje huwasilishwa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ili itambuliwe. Mimi nimetunza nakala ya matokeo ya kila chuo nilichopitia, ripoti ya tathmini ya stashahada yangu, matokeo ya CLEP na ACTFL, na zile barua pepe za mshauri, zote katika faili moja.