Raundi ya Laguna asubuhi hii
Jamani leo nimefurahi mno. Nimeanzia Top of the World, juu ya Laguna Beach, California, nikashika njia ya West Ridge na baiskeli yangu ya milimani, kushoto Pasifiki imetulia na kisiwa cha Catalina kwa mbaaali, kulia mapaa ya nyumba za watu, yaani porini na mtaani kwa wakati mmoja. Kushuka njia ya Rock-It ndo utamu wenyewe, mawe ya mchanga yamelala kama sakafu, nimeshusha siti, kidole kimoja kimoja kwenye breki, tairi la nyuma linateleza kidogo linashika tena. Chini kwenye bonde la Wood Canyon kivuli cha mialoni, halafu njia ya Cholla, mlima mfupi ila mkali, mapaja yanawaka, nikapanda mpaka juu bila kuweka mguu chini, mara ya kwanza hiyo!! Kurudi bahari ipo kulia, nikasimama naangalia tu.